Mkusanyiko wa Sinema za Watu wa Asili wa NFB ya Kanada: tathmini kwa wanaosoma uwakilishi

Mwanafunzi anayeanza kuchunguza kitaaluma namna watu wa asili wanavyoonyeshwa katika filamu na vyombo vya habari hukumbana mapema na uhaba wa kitu cha msingi kabisa, nacho ni filamu zenyewe. Vitabu na makala za wataalamu zipo nyingi, nazo huzitaja filamu hizo ukurasa baada ya ukurasa, lakini nyingi kati ya filamu hizo zilionyeshwa mara chache, zikarudishwa kwenye maghala ya taasisi zilizozitengeneza, na msomaji akabaki kutegemea maelezo ya mtu mwingine kuhusu picha ambazo hajaziona kwa macho yake. Ndiyo maana ninaipa uzito mkubwa huduma ninayoitathmini hapa, yaani mkusanyiko wa Sinema za Watu wa Asili uliopo kwenye tovuti ya Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, NFB. Mkusanyiko huo ulifunguliwa mwaka 2018 ukiwa na filamu zaidi ya 200 zilizoongozwa na watu wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis, yaani makundi matatu ya watu wa asili wa Kanada, na sehemu kubwa ya filamu hizo hutazamwa bila malipo yoyote.

Ninauangalia kwa jicho la mtu anayefundisha na kuandika kuhusu uwakilishi, na tathmini hii inafuata haja hiyo. Sijui huduma nyingine ambamo taasisi ya dola iliyochangia kwa miongo mingi kujenga sura ya watu wa asili machoni pa umma imefungua, kwa kiwango hiki na kwa ukarimu huu, majibu ya watu hao kwa sura waliyopewa. Thamani yake kubwa iko hapo. Kasoro yake kubwa nayo iko hapo hapo, kwa kuwa majibu yamepangwa vizuri sana mbele ya mtazamaji, ilhali picha zilizoyazaa majibu hayo zimeachwa katika rafu nyingine za tovuti ile ile, bila njia inayomwongoza mgeni kuzifikia.

Kwa nini picha hizo ni muhimu? NFB iliundwa mwaka 1939 ikiwa na jukumu la kuieleza Kanada kwa Wakanada wenyewe na kwa mataifa mengine, na katika maelezo hayo watu wa asili walikuwemo tangu awali kama watu wa kuelezwa. Chukua "How to Build an Igloo" ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Douglas Wilkinson. Kwa dakika kumi hivi tunawatazama Wainuit wawili wakijenga nyumba ya theluji: kisu kinakata matofali ya theluji, matofali yanapangwa katika mzunguko unaopanda huku ukiinamia ndani, hadi kipande cha mwisho kinapoziba paa. Ni filamu nzuri na sitaki kuidharau, kwa sababu inauheshimu ustadi inaouonyesha na haiwacheki wenye ustadi huo. Hata hivyo mwanafunzi anapaswa kuuliza ni nani anayezungumza. Tunaongozwa na sauti ya msimulizi. Mafundi wenyewe hatuwasikii wakitueleza kwa nini theluji ya namna fulani inafaa na nyingine haifai, wala wanamfikiriaje mtu aliyekuja na kamera.

Mazoea hayo yana historia ndefu kuliko NFB. Mwaka 1922 Robert Flaherty alionyesha ulimwengu filamu yake "Nanook of the North", aliyoipiga kaskazini mwa Quebec, na hadi leo kozi nyingi za filamu ya hali halisi huanzia hapo. Mhusika wake mkuu aliitwa Allakariallak, si Nanook; nyumba ya theluji iliachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie; na wawindaji waliwinda kwa silaha za zamani mbele ya kamera ilhali bunduki zilikwisha kuzoeleka kwao. Miongo minne baadaye, katika mfululizo wa filamu kuhusu Wanetsilik, kundi mojawapo la Wainuit, uliopigwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa mwanaanthropolojia Asen Balikci na NFB, familia ziliombwa tena kuishi mbele ya kamera kama walivyoishi wazazi wao kabla ya bidhaa za kigeni kuenea. Nia ya wahusika ilikuwa ya kielimu, na picha zilizopatikana zina thamani kubwa kwa wazao wa waliopigwa. Lakini mtazamaji wa mbali alipewa watu wasio na leo, watu ambao uhalisi wao ulipimwa kwa umbali wao na wakati ambao yeye mwenyewe anauishi. Sura hiyo ndiyo ambayo sehemu kubwa ya taaluma hii inashughulika nayo.

Mwongozaji Mmaori wa New Zealand, Barry Barclay, alitupatia mwaka 2002 istilahi inayosaidia sana katika kuutumia mkusanyiko huu: Sinema ya Nne, yaani sinema ya watu wa asili ambao wanaishi ndani ya dola zilizojengwa juu ya ardhi zao. Alitofautisha kamera iliyowekwa juu ya sitaha ya meli, ikiwatazama watu waliosimama ufukweni, na kamera iliyo mikononi mwa watu wa ufukweni wenyewe, ambayo kwayo meli ni jambo moja tu kati ya mengi yanayoendelea. Ninapenda tofauti hiyo kwa sababu inahamisha swali kutoka kwenye usahihi wa picha kwenda kwenye mahali kamera iliposimama, na kwenye mamlaka ya kuamua lini iwashwe na lini izimwe.

Katika mkusanyiko wa NFB unaweza kuona, karibu mwaka kwa mwaka, kamera ikivuka kutoka sitahani kwenda ufukweni. Kupitia mpango ulioitwa Challenge for Change, ulioanza mwaka 1967, NFB ilianzisha mwaka 1968 kikosi cha watengenezaji filamu wa asili, na kutoka kikosi hicho ikaja "The Ballad of Crowfoot" ya Willie Dunn, mwimbaji mwenye asili ya Kimi'kmaq na ya Kiskoti. Filamu hiyo ya dakika kumi haina hata sehemu moja ya kupambwa. Dunn anaimba wimbo alioutunga kuhusu Crowfoot, kiongozi wa taifa la Siksika wa karne ya 19, na juu ya wimbo huo zinapita picha mnato za zamani na vipande vya magazeti. Picha nyingi za aina hiyo zilipigwa na wageni, kwa macho ya wageni na kwa matumizi ya wageni. Sauti ya Dunn ndiyo inayozigeuza: nyuso zilizopigwa kama kumbukumbu za watu wanaotoweka zinaanza kumtazama mtazamaji kama mashahidi. Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu cha kueleza tofauti kati ya picha na matumizi ya picha anaweza kukitumia chote kwa filamu hii.

Mwaka uliofuata ilitoka "You Are on Indian Land", dakika 37 kuhusu maandamano ya Wamohawk wa Akwesasne mwezi Desemba 1968, walipofunga daraja la kimataifa kati ya Kanada na Marekani. Walikuwa wakidai haki ya kupita na bidhaa zao bila ushuru, haki waliyoiona imethibitishwa na Mkataba wa Jay wa mwaka 1794, kwani mpaka huo ulichorwa katikati ya ardhi yao. Kamera iko ndani ya umati, katika baridi, karibu na mikono ya polisi na ya waandamanaji, na mabishano hayakupunguzwa ili yawe mafupi na safi. Kwa miaka mingi filamu hii iliorodheshwa kwa jina la mwongozaji mwingine, Mort Ransen, hadi mwaka 2017 Mike Kanentakeron Mitchell, Mmohawk wa Akwesasne, alipotambuliwa rasmi kuwa mwongozaji wake. Jambo hili si dogo hata kidogo. Mtafiti aliyehesabu filamu za watu wa asili kwa kutegemea orodha za zamani angeikosa mojawapo ya filamu muhimu kuliko zote, na hapo tunaona kwamba uwakilishi hupotoshwa pia katika kadi za maktaba.

Kazi za Alanis Obomsawin ndizo moyo wa mkusanyiko, na mtu asiye na muda wa kutazama mengine aanze kwake. Ni Mwabenaki aliyezaliwa mwaka 1932 na kulelewa kwa sehemu katika kijiji cha Odanak, Quebec. Alikuwa mwimbaji na msimulizi wa hadithi kabla ya NFB kumwita mwaka 1967 kama mshauri, na tangu hapo ameongoza filamu zaidi ya 50. Ya kwanza, "Christmas at Moose Factory" ya mwaka 1971, imejengwa kwa michoro na sauti za watoto wa shule ya bweni karibu na Ghuba ya James. Tunajua leo, hasa baada ya kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada iliyofanyika kati ya mwaka 2008 na 2015, shule hizo, zilizowatenga watoto wa asili na familia na tamaduni zao, zilifanya nini kwa watoto na kwa lugha zao. Filamu haihubiri juu ya hayo. Inawaachia watoto waseme wanachokiona na wanachokikumbuka kutoka nyumbani, na kwa kufanya hivyo inawapa nafasi ambayo shule yenyewe haikuwapa.

Kwa mwanafunzi wa vyombo vya habari, filamu ya kukaa nayo kwa muda mrefu ni "Incident at Restigouche" ya mwaka 1984. Mwezi Juni 1981 polisi wa jimbo la Quebec waliivamia mara mbili jamii ya Wami'kmaq ya Listuguj, iliyoitwa pia Restigouche, kwa sababu ya uvuvi wa samaki aina ya salmoni. Obomsawin anakusanya ushuhuda wa waliopigwa na kukamatwa, anapanga mfuatano wa matukio kwa picha za habari, michoro na wimbo, kisha anaketi uso kwa uso na Lucien Lessard, waziri aliyehusika na uvuvi wakati ule. Hapo kanuni inayofundishwa katika madarasa mengi ya filamu ya hali halisi, kwamba mhoji hutulia na kujificha nyuma ya swali, inawekwa kando waziwazi. Obomsawin anapandisha sauti, anamkumbusha waziri maneno aliyowaambia Wami'kmaq kuhusu mamlaka yao, na kumweleza jinsi yalivyomuumiza yeye binafsi. Amesimulia mara kadhaa kwamba ndani ya taasisi alipingwa asiwahoji Wazungu, na kwamba aliendelea. Msomi anayeuliza kama ghadhabu ya mwongozaji inaharibu ukweli wa filamu anapaswa kuitazama sehemu hiyo zaidi ya mara moja, kisha ajiulize utulivu ambao angeutaka ungemlinda nani.

Halafu kuna "Kanehsatake: 270 Years of Resistance" ya mwaka 1993. Mji wa Oka, Quebec, ulipotaka kupanua uwanja wa gofu hadi ndani ya msitu wa misonobari uliodaiwa na Wamohawk wa Kanehsatake, karibu na makaburi yao, Wamohawk waliweka vizuizi. Tarehe 11 Julai 1990 polisi walivamia, askari polisi mmoja akauawa kwa risasi, baadaye jeshi likaletwa, na mvutano ukadumu siku 78. Picha iliyozunguka dunia nzima kutoka kwenye mvutano huo ni ya askari kijana na mpiganaji aliyefunika uso, wametazamana pua kwa pua. Ni picha yenye nguvu na si ya uongo, ila iliwafikia watu wengi ikiwa peke yake, na ikiwa peke yake inasimulia kisa cha wanaume wawili wenye hasira. Obomsawin alikaa na kamera ndani ya mzingiro, na filamu yake ya karibu saa mbili inairudishia picha hiyo yote yaliyokatwa kando yake: wanawake wanaojadiliana na maofisa, wapishi, watoto, mizaha ya usiku, waya wenye miba unaovutwa, na kabla ya yote historia ya ardhi hiyo tangu karne ya 18, ambayo taarifa ya habari ya dakika mbili haikuwa na nafasi nayo. Kutokana na picha alizozikusanya alitengeneza filamu nne, zilizotoka kati ya mwaka 1993 na 2000. Kuzitazama kwa mfuatano ni somo kamili la namna tukio moja linavyoweza kusimuliwa kupitia jamii nzima, kupitia mwanamke mmoja, kupitia mfanyakazi mmoja, na kupitia siku moja ya mawe yaliyorushwa.

Nyingine nazipitia haraka, ingawa zinastahili zaidi. Gil Cardinal, katika "Foster Child" ya mwaka 1987, anawatafuta ndugu zake wa damu baada ya kulelewa na familia nyingine, na Tasha Hubbard anarudi kwenye jeraha hilo hilo miaka 30 baadaye katika "Birth of a Family", ambamo ndugu wanne waliotenganishwa wakiwa wadogo wanakutana. "Reel Injun" ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Mkrii Neil Diamond pamoja na Catherine Bainbridge na Jeremiah Hayes, inaichambua Hollywood yenyewe na ingefaa kuwa ya kwanza kwa darasa la wanaoanza, kwa sababu inaeleza bila ugumu jinsi Iron Eyes Cody, Mmarekani mwenye asili ya Kiitalia, alivyoishi sehemu kubwa ya maisha yake akionekana kuwa sura ya Mhindi Mwekundu wa kweli.

"Angry Inuk" ya mwaka 2016 inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu inaugusa upande wa uwakilishi ambao wasomi wenye nia njema huusahau. Mwongozaji wake, Alethea Arnaquq-Baril, ni Mwinuit wa Iqaluit, na filamu yake inajibu kampeni za kimataifa dhidi ya uwindaji wa sili. Katika kampeni hizo Wainuit hawakuchorwa kama washenzi wala kama mashujaa wa kale; kwa kawaida hawakuwemo kabisa. Palikuwa na picha ya mnyama mchanga mweupe juu ya barafu, na palikuwa na mchango unaoombwa. Umoja wa Ulaya ulipozuia biashara ya bidhaa za sili mwaka 2009 ulitoa msamaha kwa bidhaa za Wainuit, lakini soko lilikuwa limekwisha kuporomoka, na filamu inaonyesha maana ya hilo mezani na mfukoni mwa familia. Inaonyesha pia kwamba utamaduni wa Wainuit wa kuonyesha hasira kwa utulivu hauna nafasi katika vyombo vya habari vinavyotafuta kelele. Kutokuonekana ni namna mojawapo ya kuwakilishwa, na sijaona filamu inayolifundisha hilo vizuri kama hii.

Sehemu ninayoirudia kuliko zote ni mfululizo mfupi unaoitwa "Souvenir", wa mwaka 2015. NFB iliwafungulia wasanii wa asili hifadhi yake ya filamu na kuwaacha watengeneze kazi mpya kutokana na picha za zamani. Caroline Monnet, Mwanishinaabe, alitengeneza "Mobilize", dakika tatu zinazokimbia kutoka kaskazini hadi mjini juu ya sauti ya koo ya mwimbaji Mwinuit Tanya Tagaq: mikono inayochonga mtumbwi, miguu juu ya theluji, wafanyakazi wa vyuma juu ya majengo marefu. Picha hizo hizo, zilipokuwa katika filamu zao za awali, zilitembea polepole chini ya msimulizi na kumwonyesha mtazamaji watu wa kutazamwa. Monnet amemwondoa msimulizi na kuzipa mwendo, na watu hao sasa wanakwenda mahali wanakokujua wenyewe. Kent Monkman, Mkrii, aliweka kando kwa kando maangamizi ya nyati na watoto wa shule za bweni. Jeff Barnaby alikuwa Mmi'kmaq aliyezaliwa Listuguj, naye alikuwa mtoto mdogo wakati wa uvamizi ambao Obomsawin aliufanyia filamu. Katika kazi yake fupi ya ghadhabu, hifadhi ya dola inageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya dola yenyewe.

Hapa ndipo pengo la huduma linapodhihirika. Ili kuielewa "Mobilize" kikamilifu, mtazamaji anahitaji kuona pia filamu ambazo vipande vyake vilitolewa, na filamu hizo ni za NFB. Lakini kwa kuwa ziliongozwa na watu wasio wa asili, haziingii katika mkusanyiko huu. Uamuzi huo una heshima ndani yake, na ninaelewa kwa nini ulichukuliwa: jukwaa lililotengwa kwa waongozaji wa asili halipaswi kujazwa tena na kazi za wale waliolikalia kwa miongo kadhaa. Ninachokosoa ni ukosefu wa daraja. Chini ya ukurasa wa "Mobilize" pangeweza kuwepo njia ya kwenda kwenye vyanzo vyake. Chini ya "How to Build an Igloo" pangeweza kuwepo njia ya kuja kwa waongozaji Wainuit walioizungumzia nchi yao wenyewe. Mwalimu mwenye uzoefu atazitafuta na kuzipata. Mwanafunzi aliye peke yake ataona nusu ya mjadala na kuidhania kuwa mjadala mzima.

Kuhusu matumizi yenyewe, utafutaji umepangwa kwa busara: mtu anaweza kutafuta kwa mada, kwa mwongozaji, na kwa taifa au jamii, jambo linalomzuia mtafiti kuwachanganya Wakrii, Wamohawk na Wainuit katika jina moja la jumla. Maelezo ya kila filamu kwa kawaida ni mafupi, yenye adabu, na hayajazwa sifa za kibiashara. Lugha za huduma ni Kiingereza na Kifaransa, na asiyezijua lugha hizo mbili hatafika mbali, hata pale ambapo filamu yenyewe inazungumza kwa lugha ya asili. Baadhi ya filamu, hasa zilizotengenezwa kwa ubia na kampuni nyingine, hulipiwa au hazifunguki nje ya Kanada, kwa hiyo anayeandaa mtaala ahakikishe kila moja kabla ya kuiandika kwenye ratiba. Vifaa maalumu vya walimu viko katika huduma tofauti. Kwa chuo vinafaa, kwa msomaji binafsi si vya lazima.

Mtafiti asiache kuuliza pia nani anaruhusiwa kuingia katika orodha. Mwezi Juni 2017 NFB ilitangaza mpango wa kuelekeza angalau asilimia 15 ya matumizi yake ya uzalishaji kwenye kazi za waongozaji wa asili, na fedha zinapotengwa kwa utambulisho, utambulisho wenyewe huwa jambo la kuthibitishwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 madai ya asili ya mwongozaji mmoja mashuhuri yalihojiwa hadharani nchini Kanada, na NFB ikasitisha usambazaji wa filamu yake mpya iliyokuwa imesifiwa sana. Mjadala huo uliwaumiza wengi, wakiwemo watu walioifanyia kazi filamu hiyo kwa imani. Ningependa tovuti ieleze kwa uwazi namna utambulisho unavyothibitishwa na jamii husika zinavyoshirikishwa, kwa sababu orodha inayotumiwa na wasomi kama ushahidi inadaiwa maelezo ya jinsi ilivyoundwa.

Mfano wa marekebisho ninayoyataka upo ndani ya NFB yenyewe. Mwaka 2011 ilitoa mkusanyiko mwingine, "Unikkausivut", wa filamu za Wainuit na kuhusu Wainuit tangu miaka ya 1940, na filamu nyingi zikapatikana pia kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, na kurudishwa katika jamii zilikopigwa. Humo kazi za Wilkinson zimo pamoja na michoro hai iliyotengenezwa na vijana wa Cape Dorset katika miaka ya 1970, na pamoja na filamu ya Elisapie Isaac ya mwaka 2003, "If the Weather Permits", ambamo msichana wa Nunavik, eneo la Wainuit kaskazini mwa Quebec, anamwandikia babu yake aliyekufa kuhusu nchi inayobadilika. Mtazamaji anatoka kwenye sauti ya mgeni na kuingia kwenye sauti ya mjukuu bila kubadilisha ukumbi, na Mwinuit anayetaka kuona uso wa babu yake katika filamu ya mgeni haelekezwi mlango mwingine. Mataifa ya Kwanza na Wametis wanastahili mpangilio wa namna hiyo, ukiandaliwa na wao wenyewe, wakiamua ni filamu zipi za zamani zirudi hadharani, zirudi na maelezo gani, na zipi zibaki mikononi mwa familia.